Mtoto anapepesa macho, anaguna na kutikisa shingo kila mara: tuzungumze kuhusu tiki na namna ya kuzidhibiti

MLETA UZI

Wakuu, salamu zenu. Mara kwa mara hupita humu jukwaani swali la mzazi ambaye mtoto wake ameanza kupepesa macho kupita kiasi, kukunja pua, kuinua bega au kusafisha koo ilhali hana mafua, na kila likiulizwa majibu huwa ni yale yale: mpe dawa ya minyoo, mpeleke akasomewe, au mchape ataacha. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali moja ya rufaa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na watoto pamoja na wazazi wao. Nimeona ni heri nianzishe uzi mmoja ulioshiba kuliko kujibu vipande vipande.

Tunachokizungumzia kinaitwa tiki. Ni mwendo au sauti inayokuja ghafla, inayodumu kwa muda mfupi sana, inayojirudia bila mdundo maalumu, na ambayo mtoto hakuipanga. Tiki nyingi huanza usoni, hasa machoni, kati ya umri wa miaka 4 na 7, kisha huteremka shingoni na mabegani. Za sauti aghalabu hufuata baadaye, zikianza na kukohoa, kuguna, kuvuta kamasi ambazo hazipo, au mlio kama wa mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Kwa kawaida huwa kali zaidi kati ya miaka 10 na 12, halafu kwa walio wengi hupungua kadiri ujana unavyosonga mbele. Wavulana huathirika zaidi kuliko wasichana.

Jambo linalowachanganya wazazi ni kwamba tiki hupanda na kushuka. Mwezi huu ni jicho, mwezi ujao jicho limetulia na bega limeanza, na kuna vipindi ambapo kila kitu hunyamaza hadi mzazi anaapa kwamba kile alichokunywa mtoto, kiwe kombe, mwarobaini au dawa ya minyoo, ndicho kilichomponya. Ukweli ni kwamba watu hutafuta tiba dalili zikiwa zimefika kileleni, na kinachofuata kilele huwa ni mteremko hata kama mtoto angepewa maji matupu. Ndiyo maana kila mtaa una shuhuda wa dawa iliyofanya kazi, na ndiyo maana mimi mwenyewe ninapomwanzishia mtoto tiba yoyote sijipi sifa katika wiki za mwanzo.

Madaktari huzigawa hali hizi kwa muda na kwa aina. Tiki ambazo hazijatimiza mwaka mmoja huchukuliwa kuwa za mpito, na watoto wengi wa shule za msingi hupitia hali hiyo kisha ikaisha bila tiba yoyote. Zikivuka mwaka, na zikawa za mwendo peke yake au za sauti peke yake, huitwa tiki sugu. Mtoto akiwa amepata tiki mbili au zaidi za mwendo na walau moja ya sauti, hata kama hazikutokea wakati mmoja, kwa zaidi ya mwaka, na zilianza kabla hajafikisha miaka 18, hapo ndipo linapotumika jina la Tourette. Jina hilo ni la daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, ambaye mwaka 1885 alichapisha maelezo ya wagonjwa tisa alipokuwa chini ya mwalimu wake Jean-Martin Charcot katika hospitali ya Salpêtrière, Paris. Wengi waliowahi kusikia jina hilo hudhani maana yake ni mtu anayeporomosha matusi hadharani. Dalili hiyo ipo, lakini huwapata wachache tu, takriban mmoja kati ya kila kumi wenye Tourette, na wala haihitajiki ili mtu atambuliwe kuwa na hali hiyo.

Sasa niseme jambo lililonifanya nianzishe uzi huu. Sentensi ninayoisikia kuliko zote kliniki ni hii: «Lakini akitaka anaacha.» Mzazi anaeleza kwamba alimkemea mtoto mezani na mtoto akatulia kwa dakika kadhaa, mwalimu anasema akimkazia macho anaacha. Kwa hiyo, wanahitimisha, ni makusudi. Hitimisho hilo ndilo chanzo cha viboko vingi ambavyo watoto hawa wamekula bure. Tiki inaweza kuzuiwa kwa muda, na hiyo ni sehemu ya namna tiki zilivyo, tena ni mojawapo ya alama zinazotusaidia kuitofautisha na kifafa. Kabla tiki haijatoka, watoto wengi, hasa wakishafikisha miaka kama kumi hivi, huhisi kitu mahali pale pale inapotokea: muwasho, mkazo, joto, au hisia kwamba mahali hapo «hapajakaa sawa». Wakifanya ule mwendo, hisia inapoa, wakiuzuia, inazidi. Jaribu kukaa bila kupepesa macho huku ukisoma aya hii, uone utafika wapi na akili yako itakuwa wapi. Mtoto aliyetulia mezani hakuwa anasikiliza ulichokuwa unamwambia. Alikuwa anahangaika na shingo yake.

Chanzo chake kimo ndani ya ubongo, katika njia zinazounganisha tabaka la juu na sehemu za ndani kabisa zinazochuja ni mwendo gani uruhusiwe kupita na upi uzuiwe, na kemikali iitwayo dopamini inahusika. Hali hii hutembea katika koo za familia. Malezi mabaya hayaileti, wala simu haiileti, ingawa uchovu, msisimko, hofu na hata furaha ya siku ya Idi vinaweza kuizidisha.

Nitaendelea na tiba baada ya kusikia maswali yenu.

BIBI WA CHUMBAGENI

Ahsante mwanangu kwa maelezo. Mjukuu wangu ana miaka 8. Alianza na macho, sasa anarusha kichwa upande mmoja. Wapo waliosema ana jini, tumemsomea, na wapo walioniambia huo ni mwanzo wa kifafa. Nitajuaje? Na je, kuna kipimo cha damu au picha ya kichwa inayoonyesha? Daktari tuliyemwona, kichwa hakikucheza hata kidogo mbele yake, tukarudi nyumbani na dawa ya macho.

MLETA UZI

Shikamoo bibi. Kisomo na dua kwa mtoto havina ubaya wowote, madamu hapigwi, hafukizwi hadi akapaliwa, wala hanyimwi chakula ili «kitoke». Ninachoomba ni kwamba viende sambamba na hospitali.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoonyesha tiki. Hutambuliwa kwa historia na kwa macho, na mtu akikuuzia kipimo cha gharama kubwa kwa ajili hiyo, muulize anatafuta nini hasa. Kwa kuwa watoto wengi hutulia mbele ya daktari, chukua simu umrekodi mjukuu wako akiwa anatazama katuni, bila kumwambia wala kumwelekezea simu usoni, ukaonyeshe video hiyo. Video fupi ya sebuleni imewahi kunisaidia kuliko faili lililojaa majibu ya maabara.

Kuhusu kifafa: angalia kama fahamu zake zinabaki. Mtoto mwenye tiki huendelea na alichokuwa anafanya, hukujibu ukimwita, na mara nyingi anajua kwamba ametikisa. Mtoto anayekodoa macho kwa sekunde kadhaa, akakatika katikati ya sentensi na asijue kilichotokea, au anayeangusha kijiko ghafla, huyo anahitaji kuchunguzwa kifafa. Kuna pia ile hali ya kichwa kuinama na kuinuka mfululizo, hasa mtoto anapokula au anapopigwa na baridi, iliyojulikana tangu miaka ya 1960 kule Mahenge mkoani Morogoro kupitia kazi ya daktari Louise Jilek-Aall, na baadaye ikaonekana kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Hiyo ni aina ya kifafa, imehusishwa na maeneo yenye ugonjwa wa usubi, na mtoto hudumaa na kurudi nyuma kiakili. Haifanani na mtoto mchangamfu anayerusha kichwa upande mmoja kisha akaendelea kucheza mpira.

Nyingine ambayo kwa mazingira yetu hatupaswi kuisahau ni ile inayofuata maambukizi ya koo. Bakteria wa koo asipotibiwa, mwili unaweza kuzua homa ya baridi yabisi inayoshambulia moyo, na kwa baadhi ya watoto hushambulia ubongo pia. Hapo mtoto, mara nyingi msichana wa kati ya miaka 5 na 15, huanza ndani ya muda mfupi kuchezacheza mikono na miguu kwa mwendo unaotiririka kutoka kiungo kimoja hadi kingine, mwandiko unaharibika, anaangusha vikombe, ulimi hautulii mdomoni, analia kwa jambo dogo, na hawezi kuyazuia hayo hata kidogo. Huyo asisubiri. Apelekwe hospitali apimwe moyo na aanzishiwe sindano za penisilini, kwa sababu kinachookolewa hapo ni moyo wake.

Na bibi, macho yake kweli yachunguzwe. Aleji ya macho huwafanya watoto wapepese, na mzio wa pua huwafanya wakohoe. Dawa ya macho haikuwa kosa. Ilikuwa hatua ya kwanza tu.

MZEE WA KAUNTA

Mkuu, niwe mkweli. Haya mambo ya Tourette si magonjwa ya wazungu? Sisi tumekua vijijini na hatukuwahi kuyaona.

MLETA UZI

Mzee wangu, swali hilo hata wataalamu wamelijadili. Mwaka 2008 Profesa Mary Robertson wa Uingereza, mmoja wa watu walioandika sana juu ya Tourette, alipitia tafiti za dunia nzima na kuonyesha kwamba hali hii ipo karibu katika kila utamaduni, isipokuwa taarifa zilikuwa adimu mno kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Huenda kuna tofauti ya kweli ya kinasaba. Lakini mimi naona jibu jingine limekaa karibu zaidi: ugonjwa usioletwa hospitali hauingii kwenye takwimu. Kila aliyesoma shule ya msingi anamkumbuka mwenzake mmoja aliyepewa jina la utani kwa sababu ya kukunja pua au kuguna, na hakuna aliyefikiria kumpeleka kwa daktari.

Wala usidhani wenzetu walikuwa na busara zaidi tangu mwanzo. Katika karne ya 20 kwa miongo kadhaa wachambuzi wa nafsi huko Ulaya na Marekani walishikilia kwamba tiki ni chuki au tamaa iliyofichwa moyoni inayotafuta mlango, na wagonjwa wakakalishwa kwenye makochi wakichunguzwa utoto wao. Ni katika miaka ya 1960 ambapo Arthur na Elaine Shapiro, mume na mke huko New York, walionyesha kwamba dawa ya haloperidoli inapunguza tiki, na hoja ya ubongo ikapata nguvu. Kila watu walikuwa na mapepo yao.

MWALIMU WA ZAMU

Nafundisha darasa la tano lenye wanafunzi wengi kuliko madawati. Ninaye mmoja anayetoa mlio kama wa kwikwi. Nilipoanza kusoma uzi huu nilijisikia vibaya, lakini niambie kwa vitendo: nifanye nini? Darasa zima hucheka, na wakati wa mtihani wenzake hulalamika.

MLETA UZI

Mwalimu, ahsante kwa kuuliza kwa uwazi. Jambo la kwanza ni kunyamaza juu ya tiki yenyewe. Tiki hulishwa na kuangaliwa: kila unaposema «acha hiyo», unamkumbusha mahali pale pale panapowasha. Usimtazame, usisimamishe somo, endelea kama vile nje imepita pikipiki. Darasa hufuata uso wa mwalimu, na wakiona mwalimu hashtuki, ndani ya siku chache wengi wao huchoka kucheka.

Pili, zungumza na mtoto pembeni, si mbele ya wenzake, umwambie unajua kwamba hafanyi makusudi. Wako watoto ambao hawajawahi kusikia maneno hayo kutoka kwa mtu mzima yeyote. Mpe ruhusa ya kutoka nje kidogo anapoona amejaa, labda kwa alama mnayoijua ninyi wawili, kama kuweka rula juu ya daftari. Asikalishwe mbele kabisa ambako macho yote yako mgongoni kwake. Pembeni karibu na mlango panafaa. Wazazi na yeye mwenyewe wakikubali, darasa laweza kuelezwa kwa maneno machache, lakini wasipokubali usilifanye.

Mtihani ndio mgumu. Katika chumba kilicho kimya mtoto huyu hutumia nguvu nyingi kuzuia sauti yake, na karatasi inabaki tupu. Akipata chumba cha peke yake na msimamizi, hata ofisi ya stoo, tiki zitatoka na majibu yatatoka pia. Kwa mitihani ya taifa, mzazi apate barua ya daktari mapema ili shule ipeleke maombi kabla ya usajili kufungwa.

Na kuna jambo jingine ambalo mwalimu huliona kabla yetu. Zaidi ya nusu ya watoto wenye Tourette wana pia shida ya umakini na kutotulia, na wengi wana ule waswasi wa kurudiarudia mambo. Huku pwani tunamfahamu mtu anayerudia udhu hadi jamaa wanamaliza swala. Kwa mtoto waswasi huo unaweza kuwa kufuta neno na kuliandika upya hadi karatasi itoboke, au kugusa kizingiti mara kadhaa kabla ya kuingia. Mara nyingi hayo ndiyo yanayomwangusha darasani, huku sisi sote tukihangaika na kwikwi yake. Ninapoulizwa tuanze kutibu nini, huuliza kwanza ni kipi kinachomnyima mtoto usingizi, marafiki au alama, na mara nyingi jibu huwa si tiki.

MLETA UZI (nyongeza: tiba)

Sasa nije kwenye tiba kama nilivyoahidi. Mtoto ambaye tiki zake hazimuumizi, hazimchekeshi mtu na hazimzuii kusoma, hahitaji dawa. Anahitaji kuelezwa, familia yake ielezwe, kisha aachwe aishi. Sisemi hivi kwa kukwepa kazi; huo ndio msimamo wa miongozo ya kitaalamu, ukiwemo ule wa Chuo cha Madaktari wa Neva cha Marekani wa mwaka 2019.

Tiki zikisumbua, tiba inayotangulia ni mafunzo ya tabia. Msingi wake uliwekwa na Nathan Azrin na Robert Nunn mwaka 1973, na baadaye ukapanuliwa kuwa mpango unaojulikana kwa herufi CBIT, yaani mpango kamili wa mafunzo ya tabia kwa wenye tiki. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha matokeo ya utafiti wa watoto 126 wa miaka 9 hadi 17: waliopata mafunzo hayo, asilimia 52.5 walipata nafuu ya wazi, ikilinganishwa na asilimia 18.5 ya waliopata ushauri na elimu tu. Mafunzo yalikuwa ya vikao vinane ndani ya wiki kumi. Hayakuondoa tiki zote, na wala hatuahidi hivyo.

Nieleze yanavyofanyika. Chukua kijana wa miaka 11 anayerusha shingo kulia. Kwanza tunakaa naye aorodheshe tiki zake zote na kuipa kila moja alama kwa jinsi inavyomkera, kisha tunachagua moja tu. Anaanza kuichunguza: kabla shingo haijaruka, ni nini hutokea? Mwanzoni husema hakuna kitu. Baada ya siku kadhaa hugundua kwamba kuna mkazo chini ya sikio, halafu kidevu kinasogea kidogo, ndipo shingo inaruka. Hapo amepata mlango. Tunamfundisha kwamba mara anapohisi ule mkazo, ashushe kidevu kidogo, akaze misuli ya shingo taratibu huku macho yakitazama mbele, apumue polepole, na akae hivyo kwa dakika moja au mpaka hamu ipoe. Kwa bega linaloinuka, anabana viwiko mbavuni na kushusha mabega. Kwa mguno, anafunga mdomo na kuvuta pumzi taratibu kwa pua, akiitoa polepole. Kitendo mbadala kinapaswa kuwa kitu kisichoonekana na mtu mwingine, kinachoweza kufanyika hata akiwa kwenye daladala, na ambacho hakiwezi kufanyika pamoja na ile tiki.

Mzazi kazi yake ni kusifu zoezi, si kuhesabu makosa. Naomba hili litiliwe mkazo, kwa sababu nimeona mama akiligeuza zoezi hili kuwa kesi: «Umeshasahau tena! Si ulifundishwa?» Hapo tumerudi tulikotoka. Sehemu ya pili ya mpango huu ni kuangalia mazingira. Kama tiki hulipuka kila anapoanza kazi za shule na mama humwambia basi kapumzike, ubongo unajifunza kwamba tiki inaondoa hesabu za nyumbani. Kazi na ibaki pale pale, akipumzika kwa saa maalumu na si kwa sababu ya tiki. Na wanaohofu kwamba ukiizuia tiki hii itazuka nyingine mahali pengine, tafiti za tiba hii hazikuonyesha hivyo.

Changamoto yetu ni kwamba wataalamu waliofundishwa tiba hii hapa kwetu ni wachache. Waliopo Dar es Salaam waanzie Muhimbili, waliopo Nairobi waanzie Mathari, na mikoani ombeni rufaa ya kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa. Huenda usipate mpango kamili, lakini muuguzi au mwanasaikolojia aliye tayari anaweza kumwelekeza mtoto hatua nilizozieleza.

Dawa hufuata pale mafunzo yanapokuwa hayatoshi au tiki zinapoumiza mwili, kwa mfano shingo inayorushwa hadi mishipa ikapata shida. Klonidini na guanfasini ni nyepesi zaidi na husaidia pia umakini, lakini zinashusha presha na kuleta usingizi, na klonidini haiachwi ghafla kwa sababu presha inaweza kupanda kwa kishindo. Aripiprazoli na risperidoni zina nguvu zaidi na zinaweza kuongeza uzito. Haloperidoli ndiyo ya zamani na ndiyo inayopatikana kirahisi kwetu, na inafanya kazi, ila madhara yake si ya kuchezewa: mtoto anaweza kukakamaa shingo au macho kupanda juu ndani ya siku za mwanzo. Hilo likitokea mpeleke hospitali mara moja. Kuna dawa ya kulitibu, na watu wengi hulidhania kuwa jini limekasirika. Usinunue dawa hizi dukani kwa kusimuliwa humu. Dozi ya tiki ni ndogo mno kuliko ile anayopewa mgonjwa mzima wa akili, na huanzwa chini ikapandishwa polepole.

DADA MKUBWA

Naomba kuuliza tofauti kidogo. Mdogo wangu wa kike ana miaka 15, hakuwahi kuwa na chochote. Mwezi uliopita, ndani ya siku moja, alianza kurusha mikono, kujipiga kifuani na kutamka maneno yale yale. Rafiki yake wa bweni naye ameanza. Hii ni tiki?

MLETA UZI

Dada, maelezo yako yanaelekeza kwingine, ingawa lazima aonwe na daktari kwanza. Tiki za kawaida huanza utotoni, polepole, usoni. Kinachoanza ghafla ujanani, kikiwa kikubwa tangu siku ya kwanza, chenye mikono na maneno mengi, na kinachowapata marafiki pamoja, mara nyingi ni hali nyingine inayofanana na tiki, ambayo mwili huitoa wakati mtu amezidiwa. Wakati wa janga la UVIKO, kati ya 2020 na 2021, kliniki za Ulaya na Amerika Kaskazini zilipokea wasichana wengi wa namna hii, na wengi walikuwa wamezitazama sana video za watu wenye tiki mitandaoni. Kwetu sisi si jambo geni: wanaokumbuka kicheko kilichoenea mwaka 1962 katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanajua jinsi mwili wa mwanafunzi mmoja unavyoweza kuzungumza na wa mwenzake.

Haigizi, na hadanganyi. Lakini tiba yake ni tofauti, na dawa za tiki hazitamsaidia. Atenganishwe kwa upole na hadhira, apunguziwe video, na atafutwe mtu wa kumsikiliza ajue nini kinamlemea, kwa sababu mara nyingi kipo: mitihani, ugomvi wa nyumbani, au jambo ambalo hajathubutu kulisema.

SHABIKI WA GOODISON

Mimi nina miaka 27 na ninazo tangu darasa la tatu: macho, bega na kukohoa. Nilizoea kujificha. Kilichonifungua ni kumtazama Tim Howard, kipa wa Marekani aliyedakia Manchester United kisha Everton, ambaye amesema hadharani kwamba ana Tourette na kwamba aliamua kutotumia dawa. Mtu huyo alifunga goli kutoka golini kwake dhidi ya Bolton mwaka 2012. Swali langu ni moja: ninatarajia kuoa. Je, nimwambie mchumba? Na watoto watazipata?

MLETA UZI

Mkuu, hongera. Howard ni mfano mzuri kwa sababu anaonyesha jambo tunaloliona kila siku: umakini mkubwa katika kazi unayoipenda hutuliza tiki. Wapo mafundi cherehani, wapiga kinanda na madereva ambao huwezi kujua wana tiki mpaka wakae chini kupumzika.

Takriban thuluthi moja ya watoto wenye Tourette hufika utu uzima wakiwa karibu hawana tiki tena, thuluthi nyingine zimepungua sana, na waliobaki huendelea nazo kama wewe. Tiba ya mafunzo inawafaa watu wazima pia, hujachelewa.

Kuhusu watoto: uwezekano ni mkubwa kuliko kwa mzazi asiye na hali hii, lakini si hukumu. Hakuna kinasaba kimoja cha kurithi ambacho mtu anaweza kukipima, ni mchanganyiko wa vinasaba vingi, na mtoto anaweza asipate chochote, akapata tiki ndogo za mpito, au akapata waswasi bila tiki. Mwambie mchumba wako kabla ya posa, kwa utulivu, ukimweleza ni nini na si nini. Kwa kukaa nawe tayari ameshaliona bega lako. Akitaka kuuliza zaidi, njooni kliniki wote wawili, siku ambayo si Jumatatu kwa sababu Jumatatu foleni huwa ndefu.